Maji Yanayochemka na Floraidi Inayobaki

Katika nyumba nyingi zilizo chini ya Mlima Meru maji ya kunywa huchemshwa, na desturi hiyo ni njema: moto huua vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo. Floraidi, hata hivyo, si kijidudu. Ni madini yaliyoyeyuka ndani ya maji kama chumvi iyeyukavyo katika mchuzi, wala hayapandi pamoja na mvuke. Iwapo sufuria ina lita 4 za maji, na kila lita ina miligramu 3 za floraidi, humo mna miligramu 12. Maji yakichemka hata lita 1 ikaondoka kwa mvuke, zile miligramu 12 hubaki zote katika lita 3, yaani miligramu 4 kwa lita. Kadiri yanavyochemka, ndivyo floraidi inavyozidi kukolea.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchini Tanzania kiwango cha muda kwa maji ya vijijini kiliwahi kuwa miligramu 8, kikashuka hadi 4, na sasa ni hiyo hiyo 1.5. Kwa hiyo chemchemi iliyokubalika wakati wa ujana wa wazee huenda isikubalike leo, ingawa maji yake hayajabadilika hata kidogo.

Asili ya floraidi ni mlima wenyewe. Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkano iliyolipuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910, na miamba na majivu yake yana floraidi nyingi. Mvua inapopenya ardhini huyeyusha madini hayo. Penye kalsiamu ya kutosha, floraidi hushikamana nayo na kutuama. Maji ya hapa yana kalsiamu kidogo na sodiamu nyingi, hivyo floraidi husafiri na maji hadi kisimani. Katika maziwa ya Momella, ambako maji hukauka kwa jua bila kupata njia ya kutoka, imelimbikizana hadi mamia ya miligramu kwa lita.

Wazee walioupa mto jina la Maji ya Chai, na wale wa Kimaasai walioita Ngarenanyuki, maji mekundu, walitazama rangi. Floraidi haina rangi, haina harufu, wala ulimi hauitambui katika viwango vya kawaida. Maji meupe ya chemchemi yanaweza kuwa nayo tele, na visima viwili vya majirani vinaweza kutofautiana sana.

Madhara yake huanza mapema. Jino la ukubwani hujengwa ndani ya ufizi tangu utotoni, hadi takriban miaka 8, na floraidi ikizidi katika miaka hiyo, tabaka gumu la nje hutoka na madoa meupe au ya kahawia. Doa hilo limo ndani ya jino. Kulisugua kwa mkaa au mchanga ni kulichubua jino bure. Anayehamia Meru akiwa mtu mzima hapati madoa hayo, ila mifupa haina umri wa kusalimika: unywaji wa miaka mingi wa maji yenye floraidi nyingi hukaza viungo na uti wa mgongo, na mtoto anaweza kupinda miguu.

Huko Colorado Springs, Marekani, daktari wa meno Frederick McKay alianza kuchunguza madoa kama hayo mwaka 1901, na chanzo kilijulikana mwaka 1931 tu, maji yalipopimwa. Aliona pia kwamba meno yenye madoa hayakuoza kwa urahisi. Ndiyo sababu kiasi kidogo cha floraidi hutiwa katika dawa ya meno.

Meno na mifupa huivuta floraidi kwa sababu vyote vimejengwa kwa madini ya aina moja ya kalsiamu na fosfeti. Tabia hiyo hiyo imegeuzwa kuwa dawa. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chengachenga nyeusi, kisha maji hupitishwa humo. Mifupa hunasa floraidi kabla haijafika mdomoni. Kazi hii haifai kujaribiwa jikoni: mifupa isiyoiva hutoa maji yenye harufu, na iliyoungua hadi kuwa meupe hupoteza nguvu ya kunasa. Hata chujio jema hushiba, na likishiba ladha ya maji haibadiliki. Ni kipimo tu kitakachoonyesha kwamba mifupa inahitaji kubadilishwa.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi, na tangi dogo la bati la paa likitengwa kwa kunywa na kupikia watoto wadogo hufaa sana. Maziwa ya mama nayo huwa na floraidi kidogo mno, hata mama anapokunywa maji yenye nyingi. Magadi ya kulainishia makande na maharage, kwa upande mwingine, mara nyingi hubeba floraidi yake. Kuoga na kufua kwa maji hayo hakudhuru.

Mwenye kisima anayetaka kujua kiwango chake huulizia upimaji katika ofisi ya RUWASA ya wilaya, kwa kuwa maji hupimwa katika maabara. Sampuli huwekwa katika chupa safi ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji ya kisima hicho hicho, na kuandikwa jina la kitongoji.