Mazoezi wakati wa ujauzito: yapi ni salama, na wakati gani uache

Mama mjamzito husikia mengi. Huyu anakwambia, "Tulia, utamdhuru mtoto." Yule anasema, "Fanya kazi sana, utajifungua haraka." Ukweli ni huu: kama ujauzito wako hauna tatizo, mazoezi ya kiasi hayasababishi mimba kutoka. Yanasaidia kuzuia kisukari cha mimba na kuongezeka uzito kupita kiasi.

Ufanye kiasi gani?
Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kama hujazoea, anza na dakika 10. Kutembea kunatosha, iwe ufukweni Shangani au njiani kwenda sokoni Mikindani. Uweze kuzungumza huku ukitembea. Ukikosa pumzi ya kumaliza sentensi, punguza mwendo.

Je, kazi za kila siku ni mazoezi?
Kufagia uwanja na kutembea, ndiyo. Lakini kuinama kutwa nzima kuokota korosho, au kubeba ndoo iliyojaa juani, huuchosha mwili bila kuupa nafasi ya kupumzika. Okota ukiwa umekaa kwenye kigoda, chota maji kidogo kidogo, na waombe wa nyumbani wakusaidie.

Jihadhari na haya
• Jua kali: tembea asubuhi au jioni, na unywe maji ya kutosha.
• Kuanguka: tumbo likikua, ni rahisi kuyumba. Maji yakipwa, usikanyage miamba yenye utelezi kutafuta chaza au pweza.
• Kulala chali: baada ya miezi mitatu ya kwanza, usifanye mazoezi ukiwa umelala chali. Uzito wa tumbo hubana mshipa mkubwa wa damu.

Uliza kwanza kliniki
Kama una upungufu mkubwa wa damu, shinikizo la juu la damu, mapacha, au umewahi kutokwa damu katika ujauzito huu, usianze mazoezi kabla ya kuzungumza na muuguzi.

Acha mara moja, nenda kituo cha afya
Ukitokwa na damu au maji ukeni, ukipata kizunguzungu, maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana, uchungu unaokuja na kuondoka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au mtoto akipunguza kucheza. Usisubiri kesho. Baba, mama mkwe, dada: mkiziona dalili hizi, tafuteni usafiri.