Zombi wakifika, nani atabeba kambo?

Ndugu msomaji, uulize vijana wa kartié wanaopenda filme za zombi: "Siku ile maiti zikiamka na kuanza kuuma watu, mutafanya nini?" Watakujibu mara moja, maana wamekwisha kupanga. Huyu atachukua mupanga. Yule atapanda juu ya paa na kuvuta ngazi. Wa tatu atafunga mulango na misumari, asifungulie mutu, hata shemeji yake. Ni mchezo, na sisi wazazi tusiukasirikie. Lakini ukisikiliza vizuri, ndani ya ile mipango yao yote hakuna mutoto mchanga, hakuna mugonjwa, hakuna kambo. Kila mmoja anapona peke yake.

Neno lenyewe "zombi" lilitoka Haiti, na wenye elimu wengi wanalifuata mpaka huku kwetu, ku maneno ya Kikongo kama nzambi na mvumbi, juu watumwa wengi waliopelekwa Haiti walitoka pande za mdomo wa mto Congo. Kule Haiti watu hawakuogopa sana kuliwa na zombi. Waliogopa kufanywa zombi: mutu anakufa, anazikwa, kiisha bwana fulani anamwamsha usiku ili afanye kazi shambani bila mushahara, bila kupumzika, bila mwisho. Kwa mutumwa hata kifo hakikuwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Ninyi wa migodi, naona hamuhitaji nifasirie zaidi.

Zombi wa leo, yule anayeshambulia kundi kwa kundi na kula watu, alitoka kwa filme ya Mmarekani George Romero ya mwaka 1968. Wengi wanakumbuka zile maiti, wanasahau mwisho. Ben, mwanaume mwenye akili na moyo, anapona usiku kucha ndani ya nyumba iliyozungukwa. Asubuhi wanafika watu wenye bunduki, wanasaka maiti zinazotembea. Wanamwona dirishani, wanazani naye ni mmoja wao, wanampiga risasi. Maiti zilimshindwa, watu wazima wakamuua.

Sasa musicheke: hata serikali ya Marekani iliandika juu ya zombi. Mwezi wa Mei 2011 kituo chao kikubwa cha kuzuia magonjwa, CDC, kilitoa mashauri ya kujitayarisha, yaliyoandikwa na munganga Ali Khan. Watu walikimbilia kuyasoma kwa wingi hata mashini za kituo zikalemewa. Walikuwa na hila yao. Nani anapenda kusoma karatasi inayosema "jitayarishe kwa mafuriko"? Lakini ukimwambia zombi, anasoma mpaka mwisho, na vitu vya kumuponyesha kwa zombi ni vilevile vya mafuriko na tetemeko: mayi, chakula kisichooza, dawa, sabuni, radio ya pile, nguo na blanketi, makaratasi ya maana. Kiisha jamaa iketi pamoja na kuamua: tutakutana wapi, tutaita nani, tutapita njia gani. Bunduki haimo.

Mayi walihesabu karibu lita nne kwa mutu kwa siku. Jamaa ya watu 8, kwa siku tatu, ni lita 96, ni kusema bidon tano za lita 20. Mama wanaoamka saa kumi ya usiku kufuata robine wanajua kwamba hesabu hii haingojei zombi.

Tena kuna kuumwa kwa kweli. Ugonjwa unaofanana na filme kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Mate ya mnyama yanaingia kwa jeraha, kiisha ugonjwa unapanda polepole ndani ya mishipa mpaka ku ubongo. Mugonjwa anafazaika, anashindwa hata kumeza mayi, anayaogopa. Dalili zikianza, karibu kila mutu anakufa. Lakini mbele ya dalili kuna njia. Osha jeraha na mayi mengi na sabuni, dakika 15 nzima, palepale, kiisha peleka mutu ku lopitalo siku ileile kwa chanjo. Usifunike jeraha na majani, usingojee kuona kama mbwa atakufa. Pasteur alianza kazi hii mwaka 1885 kwa mutoto Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa, na mutoto akapona. Filme inasema aliyeumwa amekwisha kupotea, apigwe haraka. Ni uongo. Aliyeumwa yuko na siku zake, tusimunyanganye.

Na maiti ya hatari? Iko, lakini haitembei. Ni sisi tunaoiendea. Ku Kikwit mwaka 1995 Ebola iligusa watu 315 na zaidi ya 240 wakafa, wengi kati yao waganga na wauguzi, wengine jamaa waliouguza ndugu zao au waliogusa maiti wakati wa mazishi. Ku Nord-Kivu na Ituri, tangu 2018 mpaka 2020, wagonjwa walikuwa 3.470 na waliokufa 2.287. Kule uvumi ulisema waganga ndio wanaoleta ugonjwa. Vituo vya matunzo vilishambuliwa na kuchomwa moto, na tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliingia ku lopitalo moja ya Butembo na kumuua munganga Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyetumwa na OMS. Ni Ben tena, dirishani.

Basi tuje ku lupango lenu. Usiku wa 22 Mei 2021 volkano Nyiragongo ilipopasuka karibu na Goma, watoto mamia walitengana na wazazi katika kukimbia. Juu ya hiyo muchague mahali pawili pa kukutana: pamoja karibu, kama chini ya mwembe wa jirani, pengine mbali, kama kanisa au masomo. Mutoto ajue majina yote ya baba na mama, na numero moja ya telefone kwa kichwa, maana batri itazimika. Vyeti vya kuzaliwa, karti za uchaguzi, karti za chanjo, makaratasi ya lupango: vyote ndani ya plastiki moja, na watu wawili wajue iko wapi.

Kwa kambo, muandike jina. Musiseme "sisi wote tutamusaidia". Kwa neno lile watu wanaachwa. Nani atamushika mukono, nani ataleta dawa zake za tansio, velo ya nani itamubeba? Na mujue kwamba ugonjwa ukiingia kartié, mara nyingi ni yeye wa kwanza kuitwa mulozi, na wanaokuja na mipanga ni vijana walewale wa filme. Jina la kumubeba liwe pia jina la kusimama ku mulango.

Tena kambo mwenyewe aulizwe mbele ya wote. Mwenye kuwa Kolwezi mwezi wa Mei 1978, wakati wa vita, anakumbuka siku zile nyumba kwa nyumba. Mumuulize alikosa nini alipojificha, na kitu gani alijuta kukiacha. Kijana mmoja aandike majibu yake.