Kuvunjika Moyo na Kukata Tamaa

Mtu aliyekusudia jambo, akalifanyia kazi, kisha akazuiliwa asilipate, huona uchungu ambao Waswahili hawakuupa jina moja. Huutaja kwa maneno mengi, na kila neno lina mahali pake. Tukiyachanganya twaweza kumfariji mtu vibaya. Kwa hiyo yafaa tuyapambanue.

Kwanza ni kuambulia patupu. Tazameni hiyo pa- ya mwanzo: ni ya mahali. Mvuvi aliyekesha baharini akapandisha dema lisilo na samaki hakupata kitu kitupu, bali pahali patupu. Neno hili lataja tukio tu. Halituambii moyo wake u hali gani.

Pili ni dhiki. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ufinyu, yaani kubanwa. Ndivyo aonavyo mwenye nguvu na nia asiyepata njia. Zamani za matanga, nahodha aliyetaka kutoka Unguja kwenda Arabuni alihitaji kusi, ianzayo mwezi wa Aprili hivi. Kaskazi ya Desemba hata Machi ilimweka bandarini: chombo kizima, mabaharia wazima, pepo si yake. Kwa hali kama hiyo husemwa, Ngojangoja huumiza matumbo.

Tatu ni kuvunjika moyo, na nne ni kukata tamaa. Wengi huyatumia haya mawili kama neno moja, lakini sarufi yayatenga. Vunjika ni tendo lililompata mtu, wala aliyevunja hatajwi. Kata ni tendo lake mwenyewe. Yeye ndiye mwenye kisu. Basi aliyevunjika moyo aweza kuwa angali akikitaka alichokikosa, na ndiyo sababu aumia. Aliyekata tamaa pengine haumii tena.

Hapa yatupasa kuangalia sana. Mtoto aliyeshindwa na hesabu mara tatu, akalia na kulitupa daftari, tamaa yake ingali hai. Mwenziwe asemaye kwa upole, "Si kitu," huenda amekwisha kuikata. Nasi mara nyingi humkemea wa kwanza kwa hasira zake, na kumsifu wa pili kwa utulivu. Wa kwanza ataka msaada wa hesabu tu, na Subira ni ufunguo wa faraja ni methali yake. Wa pili hana haja ya ufunguo, kwa kuwa ameuacha mlango. Huyo sharti kwanza arudishiwe hamu ya kuingia.