Fedha za Miradi ya Darasa

Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka kazi ziwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki katika kuziamulia. Mara nyingi sisi walimu tumelishika jembe, uamuzi tukauacha.

Tuchukue mfano. Darasa la sita lataka kupanda miti ya kivuli katika zahanati ya kijiji. Kabla ya kuiendea kamati ya shule, wanafunzi waorodheshe mahitaji yote: mbegu, viriba, samadi, maji. Kisha watenge yale yapatikanayo bila fedha, kama vile samadi na nguvu zao wenyewe. Yaliyobaki ndiyo yaombewe fedha. Sehemu ya miche yaweza kuuzwa ili kugharimia msimu ujao.

Hapo somo la hisabati limepata daftari halisi la mapato na matumizi. Daftari hilo liandikwe na wanafunzi, tena lisomwe mbele ya wazazi. Mtoto asiyejua fedha za jasho lake zimekwenda wapi hajifunzi kujitegemea, ajifunza kutumikishwa.