Wa Ngapi? Juma Moja Darasani Mwakirunge

Mzazi wa Mwakirunge, kama walivyo wazazi wengi wa Kenya waliosoma zamani, akipokea ripoti ya mwanawe huwa na swali moja tu: "Amekuwa wa ngapi?" Swali hilo lilikuwa na jibu enzi za mtihani wa CPE, na likaendelea kuwa na jibu katika KCPE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi, ulioenea madarasani kuanzia mwaka 2019, haumpangi mtoto kwa nambari. Humwambia kwamba amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini yake. Nilitaka kujua maneno hayo yana uzito gani darasani, nikaomba kukaa juma zima kwenye dawati la nyuma la gredi ya tatu.

Wasomaji wetu wa kisiwani huenda wanaijua Mwakirunge kwa jaa lake tu. Ni wadi ya Kisauni, ukiipita Bamburi na Utange kuelekea mpaka wa Kilifi. Jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, malori ya taka za mji yakazidi kumiminika huku. Upepo ukigeuka, harufu huingia darasani bila kubisha hodi. Wenyeji wengi ni Wamijikenda, na baadhi yao riziki yao hutoka jaani humo humo: plastiki, vyuma, chupa, vyote vina mnunuzi.

Jumatatu, baada ya bendera kupandishwa, tulianza na kusoma. Mvulana mmoja mwembamba aliitwa mbele asome kifungu kifupi. Alikwenda vizuri hadi alipofika penye neno "maji", akalisoma "madzi". Darasa likaangua kicheko. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hakucheka wala hakukemea. Alichukua chaki akaandika ubaoni: maji, madzi. Chini yake: tano, tsano. Kisha akauliza, "Nani ana jingine la nyumbani?" Mikono ikainuka. Waliokuwa wakicheka ndio waliokuwa wakigombea kutaja, na katika muda mfupi ubao ulijaa. Yule mvulana akarudishiwa kitabu. "Haya mwanangu, tusomee tena." Safari hii akasema "maji", akaendelea mbele.

Naliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Wako wasomaji watakaokikumbuka kile kibao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao shuleni. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao katika miaka mitatu ya kwanza. Pendekezo la karatasi ni jepesi. Kazi ni kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa, anayepaswa kumfanya mtoto aone kwamba neno la mamake si kosa, bali ni jirani wa neno la kitabuni.

Jumanne ilikuwa ya hesabu, kwa vizibo vya soda na vijiti. Mwalimu ameweka sharti kali: vizibo vitoke dukani, visiokotwe jaani. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Nikiwatuma jaani Jumanne, Jumatano hawarudi." Kisha akanionyesha daftari la mahudhurio. Jina la yule mvulana wa "madzi" lilikuwa na nafasi tupu kila Jumanne ya muhula huo, kwa kuwa siku hiyo mnunuzi wa plastiki hufika, na mikono ya mtoto huhitajika kuchambua na kufunga. Ajabu ni kwamba Jumanne hii alikuwapo, ameketi dawati la mbele, anahesabu vizibo.

Jumatano mvua ilinyesha, njia ikawa tope, na nusu ya darasa haikufika. Alhamisi ilikwenda kwa kuchora na michezo.

Ijumaa kwenye gwaride yalisomwa majina ya waliofanya vizuri juma hilo. Mshindi wa hesabu za kichwa alipata kalamu. Msichana mmoja aliyeanza mwaka bila kuijua hata irabu alisoma ukurasa mzima mbele ya shule, akashangiliwa. Kisha likatajwa jina la yule mvulana: siku tano kamili. Wakubwa wa gredi ya sita, ambao wana mtihani wa KPSEA mbele yao, wakaguna. Kuja shuleni nako ni ushindi? Mwalimu wake alipiga makofi peke yake mpaka wengine wakamfuata.

Mama yake alikuwa amefika kuchukua ripoti. Alisimama mlangoni na kanga yake, mikono bado ina vumbi la kazi.

"Mwalimu, shikamoo. Amekuwa wa ngapi?"

"Marahaba, mama. Siku hizi hatuwapangi. Katika kusoma, anakaribia matarajio."

"Anakaribia," alirudia yule mama, kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Sasa hapo amefaulu au ameanguka?"

Mwalimu hakumweleza mtaala. Alimfungulia daftari la mahudhurio na kumwonyesha mstari wa mwanawe: alama tano zilizofuatana, na juu yake majuma yenye pengo. Akamwonyesha pia daftari la mtoto: mwanzoni mwa mwaka herufi zilizopinda, sasa sentensi tatu zenye nukta mahali pake. Mama akaweka kidole kwenye zile alama, akazihesabu polepole kwa Kigiriama, kutoka mwenga hadi tsano.

"Hiyo Jumanne," alisema, "nilifunga magunia peke yangu hadi magharibi."

"Najua, mama."

Akaikunja ripoti mara mbili, akaipachika kwenye pindo la kanga.

"Jumatatu atakuja," alisema. "Hiyo Jumanne nyingine, mwalimu, sijui."