Shirika la Umeme Likipata Tajiri Mpya, Miaka ya Mfanyakazi Huenda Wapi?



Mara nyingi katika viwanda na mashamba twasikia vijana wakiulizana: kazi nzuri iko wapi, kwenye sukari, kwenye chai, kwenye nguo, au kwenye umeme? Wengi hujibu upesi kwamba kazi ya umeme ndiyo bora, kwa sababu kiwanda cha nguo chaweza kufungwa lakini umeme haufungwi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Umeme haufungwi, lakini tajiri wa umeme hubadilika, na anapobadilika mfanyakazi ndiye wa mwisho kuambiwa. Leo tuyatazame mashirika ya umeme ya Uganda, Kenya na Tanzania. Hatutayatazama kwa jicho la mteja anayelalamikia bili, bali kwa jicho la yule anayepanda nguzo.

UGANDA: NGUZO ZILE ZILE, BARUA MBALIMBALI

Tuanze hapa Jinja, kwenye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo leo laitwa Nalubaale. Kwa miaka mingi umeme wote wa nchi ulikuwa chini ya shirika moja, Uganda Electricity Board, lililoundwa mwaka 1948. UEB ilizalisha umeme, ikausafirisha na ikauuza. Fundi aliweza kuanza kazi bwawani na kustaafu Mbale akisoma mita, na barua yake ya ajira ikawa ni ile ile.

Mwaka 1999 ilipitishwa Sheria ya Umeme, na mwaka 2001 UEB ikagawanywa kuwa kampuni tatu za serikali: UEGCL ya kuzalisha, UETCL ya kusafirisha, na UEDCL ya kugawa kwa wateja. Baada ya hapo mali ikakodishwa. Mwaka 2003 mabwawa ya Nalubaale, yenye megawati 180, na Kiira, yenye megawati 200, yalikabidhiwa Eskom Uganda kwa miaka 20. Tarehe 1 Machi 2005 kazi ya kugawa umeme ikakabidhiwa Umeme, nayo kwa miaka 20. Muda wa Eskom ulikwisha Machi 2023 na UEGCL ikayachukua mabwawa yake. Muda wa Umeme ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, na kesho yake UEDCL ikazichukua laini.

Sasa tufanye hesabu ya mtu mmoja. Fundi wa laini aliyeingia UEB mwaka 1998 akiwa na miaka 25 alitimiza miaka 52 mwaka 2025. Akibaki kazini muda wote huo, amekuwa chini ya UEB, kisha UEDCL, kisha Umeme, kisha UEDCL tena. Nguzo ni zile zile, waya ni zile zile, na radi ya Machi ni ile ile. Kilichobadilika ni kichwa cha barua, mara tatu. Na kila mara liko swali moja ambalo halionekani kwenye sherehe ya makabidhiano: miaka yake inahesabiwa kutoka wapi?

MWENYE HISA ALIANDIKA, WEWE JE?

Yako mambo ya kujifunza kutoka kwa matajiri wenyewe. Mkataba wa Umeme ulieleza tangu mwanzo kwamba siku ya kuondoka, serikali itailipa kampuni fedha ilizotia katika laini na ambazo bado haijazirudisha. Siku ile ilipofika mwaka 2025, serikali ililipa kiasi cha dola milioni 118. Kampuni ikasema inadai zaidi, na jambo likapelekwa kwa wasuluhishi London. Nani ana haki katika madai hayo si kazi yetu kuamua hapa. Tunachotaka mkione ni hiki: mwenye hisa aliiandika siku ya kuondoka kwake kabla hajaingia. Hakungoja miaka 20 ipite ndipo aulize, “Na mimi mtanipa nini?”

Mfanyakazi naye ametia kitu katika laini zile. Ametia mgongo wake, macho yake na ujana wake. Lakini wengi wetu huanza kuuliza habari za malipo siku ambayo barua ya kuachishwa imekwisha kuchapwa.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yasema kwamba biashara ikihamishwa kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine, mikataba ya wafanyakazi huhama pamoja nayo, na haki zao huhama pia. Hilo ni jambo zuri. Lakini angalieni neno moja katika barua mtakayopewa. Neno “kuhamishwa” lina maana kwamba miaka yako imekuja nawe. Maneno “kuajiriwa upya” yaweza kuwa na maana kwamba unaanza sifuri, hata kama una mvi. Mwenye miaka zaidi ya 10 kazini hupewa notisi ya miezi mitatu kwa sheria hiyo. Aliyeanza sifuri, akiachishwa baada ya miezi sita lakini kabla ya mwaka kwisha, hupewa wiki mbili. Tofauti ya notisi hizo yaweza kutoka kwenye neno hilo moja.

KENYA: JINA LIMEBAKI, UA UMEGAWANYIKA

Kenya walifuata njia nyingine. Kampuni yao ilianza mwaka 1922 kwa jina la East African Power and Lighting, na mwaka 1983 ikaitwa Kenya Power and Lighting. Mwaka 1997 kazi ya kuzalisha ilitengwa, ndiyo leo KenGen, na mwaka 2008 ikaundwa KETRACO ya kujenga laini kubwa. Hisa za Kenya Power huuzwa katika soko la Nairobi, lakini serikali ina zaidi ya nusu kidogo. Hivyo tajiri wa kigeni hakukabidhiwa laini za nchi nzima kama ilivyokuwa kwetu. Wafanyakazi wana chama chao, KETAWU, kinachokaa mezani na kampuni kuhusu mishahara na masharti ya kazi.

Hata hivyo, somo la Kenya liko ndani ya ua. Humo wamo watu wa namna mbili. Wako wenye barua ya kampuni, na wako wanaoletwa na mkandarasi kuchimba mashimo, kusimamisha nguzo na kuvuta waya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyoweza kumalizika kwa miezi mitatu, si kibarua tena. Yampasa kupata haki za mwajiriwa. Uganda nako kanuni za ajira hukataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi minne. Lakini sheria haibishi hodi mlangoni. Asiyehesabu siku zake hatahesabiwa na mnyapara.

TANZANIA: SHIRIKA LA SERIKALI, WAKUBWA WA KUKODI

Tanzania ilionyesha njia ya tatu. TANESCO ilibaki mali ya serikali, lakini mwaka 2002 usimamizi wake ulipewa kampuni ya Afrika Kusini, NET Group Solutions. Wafanyakazi walipinga, na wakubwa wapya waliingia ofisini chini ya ulinzi wa polisi. Sehemu ya malipo ya kampuni ile ilitegemea fedha zinazokusanywa kwa wateja. Makusanyo yaliongezeka kweli. Mkataba uliendelea hadi mwisho wa mwaka 2006, na TANESCO imebaki shirika la umma.

Hapo tunajifunza kwamba haitoshi kuuliza, “Shirika hili ni la nani?” Yafaa pia kuuliza, “Mkubwa wetu analipwa kwa jambo gani?” Akilipwa kwa makusanyo, macho yake yatakuwa kwenye makusanyo. Atakayemwonyesha glovu zilizotoboka na mkanda wa usalama uliochakaa ni chama, au hakuna.

MIAKA 18 INA BEI GANI?

Wako wanaosema sheria za nchi zetu ni moja. Si kweli. Tuchukue mfanyakazi mwenye miaka 18 kazini, anayepunguzwa bila kosa lake.

Kenya, sheria yataka alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Kwa miaka 18 ni siku 270.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Mwenye miaka 18 hupata siku 70, sawa na mwenye miaka 10.

Uganda, sheria ya mwaka 2006 haikutaja kiasi. Yasema kiasi hicho kitapatanwa kati ya mwajiri na mfanyakazi, au chama kinachomwakilisha.

Tafakarini maneno hayo ya mwisho. Palipo na chama chenye mapatano yaliyotiwa sahihi, kiasi kimekwisha kuandikwa kabla ya msiba. Pasipo na chama, mtu mmoja huingia peke yake katika ofisi yenye mwanasheria, akiwa na kodi ya nyumba ya miezi miwili mgongoni, naye huambiwa “patana.” Na hizo siku za Kenya na Tanzania ni kiwango cha chini tu, mapatano mazuri ya chama huweza kuzidi hapo.

ALIYE JUU YA NGUZO NI WA NANI?

Katika kuzunguka kwangu kuandikisha wanachama nilimkuta kijana mmoja amelazwa, mikono yote miwili imefungwa bendeji. Alikuwa kwenye nguzo, laini ikarudishiwa umeme kabla hajashuka. Kampuni yenye laini ilisema huyo si wetu, ni wa mkandarasi. Mkandarasi alisema huyo si wangu, ni wa mtu niliyempa kazi ya eneo lile. Huyo mtu simu yake haikupatikana tena. Kijana hakuwa na barua hata moja. Alichokuwa nacho ni fulana ya kazi yenye nembo ya kampuni, na fulana haikumsaidia kitu.

Sheria ya fidia ya Uganda yasema mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi na kuacha wanaomtegemea, hulipwa mshahara wa miezi 60. Mwajiri atalazimika pia kuwa na bima. Lakini kila dai huanza na swali la kwanza: mwajiri ni nani? Ndiyo maana nasema, ukitaka kujua kama shirika la umeme ni mwajiri mwema, usitazame gari jipya la meneja wala jengo la kioo mjini. Mtazame yule aliye juu kabisa ya nguzo, umwulize barua yake imetoka kwa nani.

MASWALI YA KUULIZA

Maswali haya yanafaa kwa umeme na maji, na yanafaa vile vile kwa kiwanda cha sukari na shamba la chai, maana nayo huuzwa.

1. Barua yangu imesainiwa na nani, na nakala iko nyumbani kwangu?

2. Tajiri akibadilika, miaka yangu inahama nami? Imeandikwa wapi?

3. Kiasi cha malipo ya kuachishwa kimeandikwa katika mapatano ya chama, au kinangoja huruma?

4. Fedha za NSSF zinapelekwa? Hapa Uganda mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10. Omba taarifa yako, usingoje miaka 55.

5. Vibarua na watu wa mkandarasi wana kofia ngumu, glovu na bima kama sisi? Wakikosa leo, kesho kazi yetu itapewa wao kwa sababu wao ni rahisi.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka yako ya kazi ni mali, na daftari lake ni barua, vipande vya mshahara na kadi ya chama. Wenye hisa wanalo daftari lao, nalo limefika London. Wiki hii kila mmoja aitafute barua yake ya ajira, aisome, kisha ailete kwa mwakilishi wa tawi tuisome pamoja. Asiyekuwa na barua aje vile vile, na aje mapema, kabla mkuu mwingine hajashika kalamu.