Pembe za Rufiji katika uwanja wa Roma

Muulize mtu wa Kibiti sarakasi ni nini. Atakutajia vijana wanaopandana mabegani, wanaopinduka hewani, na mmoja mwembamba anayejikunja mpaka kichwa kikachungulia katikati ya miguu yake. Mwanahistoria wa Roma ana picha nyingine kabisa: farasi, vumbi, na umati wa watu zaidi ya laki moja wakipayuka kwa wakati mmoja. Hayo ni mambo mawili yasiyo na undugu wa damu, ingawa vitabu vingi huyasimulia kana kwamba moja ni mtoto wa jingine. Kilichonisukuma kuandika ni kwamba delta ya Rufiji, kwa ushahidi tulio nao, iko karibu zaidi na lile la kale.

Tuanze na hili tunalolijua. Mwaka 1965 vijana wa Kitanzania wapatao 20 walipelekwa China kujifunza sarakasi. Waliporudi, mwaka 1969, kikaundwa kikundi cha taifa cha mchezo huo. Kilipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ujuzi wake haukupotea. Sehemu ilihamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, na sehemu ikaingia katika vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam. Waliowahi kukesha na Muungano au TOT wanakumbuka mpango wa usiku wenyewe: ngoma, vichekesho, sarakasi, kisha taarabu mpaka kuche.

Asili hiyo ya Kichina inaeleza jambo ambalo wageni huliulizia: sarakasi yetu haina simba wala tembo. Wachina walitufundisha kupanga viti, kuzungusha sahani, kujikunja na kusimama juu ya mwenzio. Mtaji wote ni mwili na miaka ya mazoezi. Anayetaka wanyama katika burudani aende Usukumani, ambako vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi kuvuta watazamaji, na mcheza ngoma akiona umati unahamia upande wa pili hakosi kuleta chatu au fisi.

Matunda ya mbegu hiyo dunia imeyaona. Fadhili na Ibrahim, wanaojulikana kama Ramadhani Brothers, walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League, fainali ikirushwa Februari 2024. Mmoja husimama kichwa chini miguu juu, utosi wake ukiwa juu ya utosi wa mwenzake, na wa chini hupanda ngazi. Hakuna kamba wala mashine.

Ulaya ilipita njia yake. Mwaka 1768 jijini London, Philip Astley, aliyekuwa askari wa farasi, alianza kuonyesha umahiri wa kusimama juu ya farasi anayekimbia. Siri yake ilikuwa duara. Farasi akizunguka, mpanda farasi huegemea ndani, na nguvu inayomsukuma nje humsaidia asianguke. Baada ya kujaribu vipimo kadhaa alitulia kwenye duara la upana wa futi 42, kama meta 13, na kipimo hicho ndicho kinachotumika hadi leo. Baina ya zamu za farasi aliweka wachekeshaji na watembea kwenye kamba ili watu wasichoke. Mwaka 1782 mshindani wake, Charles Hughes, pamoja na Charles Dibdin, walifungua ukumbi wao wakaupa jina la kujitukuza, Royal Circus. Jina walilichukua Roma; mchezo wenyewe ulikuwa wa Astley.

Basi Roma kulikuwa na nini?

Circus Maximus ilikuwa bondeni, katikati ya vilima vya Palatino na Aventino, uwanja mrefu wenye urefu wa meta 600 hivi. Mwandishi Plinio Mkubwa alisema unaingiza watu 250,000. Wataalamu wengi wa leo wanaona hesabu hiyo imetiwa chumvi na wanakubali kama 150,000. Vigari vyepesi vya farasi wanne vilitoka katika milango 12 na kuzunguka mara saba. Hatari yote ilikuwa kwenye kona. Mwendeshaji alijifunga hatamu kiunoni, akawa na kisu cha kuzikatia iwapo kigari kingepinduka, na asiyewahi kukata aliburutwa. Wengi wao walikuwa watumwa au watumwa walioachwa huru. Gaius Appuleius Diocles, mzaliwa wa Lusitania, ambayo sehemu yake kubwa ni Ureno ya leo, alikimbia kwa miaka 24 akashinda mara 1,462 katika mashindano 4,257. Hesabu hiyo ilichongwa kwenye jiwe kwa heshima yake.

Mashabiki waligawanyika kwa rangi: nyekundu, nyeupe, bluu na kijani. Mtu wa Simba na Yanga hahitaji maelezo zaidi, ila ajue kwamba mwaka 532 huko Konstantinopoli bluu na kijani waliungana dhidi ya Kaisari Justiniano, na alipowazima, inasimuliwa kwamba watu wapatao 30,000 waliuawa uwanjani.

Kabla ya farasi kulikuwa na maandamano, na hapa ndipo tunapoanza kunusa Rufiji. Msafara ulishuka kutoka kilima cha Kapitolio, ukapita katikati ya mji na kuingia uwanjani ukiwa na sanamu za miungu. Mwaka 45 KK Baraza la Wazee la Roma liliamua sanamu ya Julius Caesar ibebwe pamoja nazo. Ilikuwa ya pembe za ndovu. Jemadari Germanicus alipofariki mwaka 19 BK, ikaamuliwa sanamu yake itangulie msafara wa michezo ya uwanjani. Nayo ilikuwa ya pembe. Miaka sitini baadaye Kaisari Tito alimfanyia vivyo hivyo rafiki yake wa utotoni, Britannicus, safari hii akiwa juu ya farasi, na bado ni pembe tupu.

Roma ilikula pembe kupita kiasi: vitanda, meza, vishikio vya visu, vifuniko vya vitabu. Plinio, aliyefariki mwaka 79, analalamika kwamba anasa imemaliza pembe kubwa katika nchi zilizo karibu nao, na kwamba sasa zinapatikana kwa shida isipokuwa kutoka India. Mfanyabiashara akisoma maneno hayo angeelewa mara moja kwamba bei imepanda na inafaa kwenda mbali zaidi.

Na kweli walikwenda. Katika karne hiyohiyo ya kwanza, mwenyeji mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, unaoitwa Periplus. Soko la mwisho analolitaja katika pwani yetu, aliyoiita Azania, ni Rhapta. Jina hilo, anasema, limetokana na vyombo vya kushonwa. Wazee wa pwani watautambua mtepe hapo. Kutoka Rhapta zilipakiwa pembe za ndovu kwa wingi, vipusa na magamba ya kasa. Pembe zenyewe anaziweka daraja la chini ya zile za Aduli, bandari ya Eritrea ya leo, na mimi namwamini, kwa kuwa mfanyabiashara hana sababu ya kukosoa bidhaa isiyostahili kukosolewa. Zilizoletwa ni mikuki iliyotengenezwa Muza, huko Yemeni, kwa ajili ya soko hili hasa, shoka, visu, misharasi na vitu vya kioo. Mahali pengine walileta divai na ngano, si za kuuza bali za kuwafurahisha wenyeji. Manahodha wa Kiarabu waliozoea njia hiyo walioa huku na walijua lugha.

Rhapta ilikuwa wapi? Wako waliotaja Pangani, wako waliotaja Dar es Salaam, na wengine delta ya Tana nchini Kenya. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliitafuta Rufiji, na mwaka 1999 alichapisha taarifa ya shanga za kioo alizozichimbua Mkukutu, karibu na Kibiti, akizitambua kuwa za Kiroma. Kwa maoni yangu hoja ya Rufiji ndiyo inayoongoza, na si kwa shanga peke yake. Bidhaa ya Rhapta ilikuwa pembe, na pembe hufuata mto. Juu ya Rufiji ndiko iliko nchi ya tembo, ambayo tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huku chini mto huhama vijito na kumwaga tope kwenye mikoko, na mji uliojengwa kwa miti na udongo hauwezi kubaki juu ya ardhi ya namna hiyo ukimsubiri mgeni.

Msomaji ataniuliza kuhusu wanyama hai, maana Roma iliwaua kwa maelfu mbele ya watazamaji. Katika michezo ya jemadari Pompeius, mwaka 55 KK, tembo wapatao ishirini walipigwa mikuki ndani ya Circus Maximus; walipolia wakiinua mikonga, umati uliwahurumia na kumlaani mwenye sherehe. Tembo hao hawakutoka kwetu. Kwa hesabu za Lionel Casson, mtafsiri na mfafanuzi wa Periplus, chombo kilichotoka Misri kwenda Rhapta na kurudi kilihitaji karibu miaka miwili, kwa kuwa kililazimika kungoja kaskazi na kusi kwa zamu. Mnyama hai angefia njiani. Pembe haili wala hainywi, na ikishafika kwa mchongaji hakuna anayeuliza imetoka mto gani.

Kwa hiyo historia ya circus ya Roma tunayoisoma imeandikwa na waliokaa kwenye viti. Majina ya washindi tunayo, hata idadi ya ushindi wao. Aliyemfuata tembo msituni, aliyebeba jino begani na aliyeshona chombo hawana jiwe lililochongwa. Wana udongo wa Kibiti tu, na udongo huo sasa unalimwa, unachimbwa kifusi cha barabara na kuwekwa misingi ya nyumba. Ushanga ukiondolewa mahali ulipolala hauwezi tena kusema umri wake, kwa sababu umri husomwa kwenye tabaka la udongo na vigae vilivyo pembeni. Ukiokota ushanga wa kioo au kigae usichokielewa, iwe Mkukutu au kwingineko bondeni, usiuze na usiendelee kuchimba. Weka alama mahali hapo na umwarifu afisa utamaduni wa halmashauri au Idara ya Mambo ya Kale, kama Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavyotaka.